Anselme, Msomaji wa Majina ya Kimwelu

“Mama Keren, huyu mzee wako anasoma, anasoma, halafu ananyamaza. Kwani anangojea nani?”

Swali hilo aliliuliza Bi Pramila, jirani yetu wa mlango wa pili, akiwa ameegemea ua wa mbao na kikombe cha chai mkononi. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza tangu tuhamie nyumba hii ya Walthamstow, London. Mkeo, Mama Keren, alikuwa anaanika nguo. Akamjibu, “Anapumzisha koo, mama.” Haikuwa kweli, naye alijua si kweli, na jioni alitubu.

Mwaka umetimia, Anselme wetu, tangu Jumanne ile uliponyamaza moja kwa moja.

Watu wa kanisa wanamwuliza Mama Keren kama machozi yamemkauka. Hayakukauka, hayajaja bado. Anaamka, anasali, anachemsha maji, anatoa vikombe viwili, anarudisha kimoja. Hasikii uchungu anapokirudisha. Anakirudisha tu, anafunga kabati, anakunywa chai yake amesimama. Koti lako bado liko kwenye msumari wa mlangoni. Watoto walitaka kulitoa, akasema liacheni, halimsumbui mtu.

Ulikuwa caretaker, mtunza majengo, wa shule ya msingi kwa miaka kumi na tano. Ulikuwa unafungua geti kabla ya walimu, na glavu za watoto zilizoanguka uwanjani ulizichomeka kwenye vyuma vya ua, kila kidole kimesimama, ili mwenye nayo aione kwa mbali. Wazazi walidhani ni kazi uliyopewa. Hukupewa na mtu. Siku ya maziko walikuja walimu watatu na mtoto mmoja aliyeshika glavu nyekundu, akaiweka juu ya maua, akarudi kwa mama yake.

Ulipenda bukari, ugali wa kwenu, na sombe la majani ya muhogo la Jumapili. Ulikuwa unamaliza sahani, unafuta mdomo, unauliza, “Hiki kilikuwa cha kuonja, chakula chenyewe kinakuja?” Kila Jumapili mzaha ule ule. Keren alikuwa anajibu, “Dad, please,” na wewe unacheka peke yako mpaka sisi wote tunacheka.

Habari za Kimwelu, kijiji chenu, hukuzieleza kwa haraka. Mtu akikuuliza kwenu ni wapi, hukuanza na Katanga, kule Kongo, wala na mgodi. Ulianza na mawe ya njano. Mlikuwa watoto, mnayaokota chini ya mgodi wa zamani, mnayasaga, mnajipaka usoni mkicheza harusi. Bibi harusi ndiye aliyepakwa zaidi. Hakuna aliyewaambia kitu. Ilikuwa urani, madini yale ya bomu. Wazungu walichimba, wakasafirisha, wakafunga, wakaondoka, na rundo la mabaki wakaliacha kando ya kijito. Mbuzi wakanywa, na watu wakanywa. Sumu yake haina rangi wala harufu, ulikuwa unasema, ndiyo maana inaishi na watu kama mgeni mwenye adabu.

Juu ya kijito ndipo kilipo kilima cha Kimwelu, mnapozika tangu mababu wa mababu zenu.

Kisha kampuni nyingine ikaja, ofisi zake ziko hapa hapa London. Wakasema watafungua mgodi upya, na mabaki, ya zamani na mapya, yatalazwa juu ya kilima. Kwenye ramani yao kilima kilikuwa kimeandikwa eneo tupu. Ulipigiwa simu na binamu yako ukiwa jikoni. Mama Keren alikuwa anakutazama. Ulivaa koti hili lililo mlangoni, ukaenda sokoni, ukarudi na daftari la jalada gumu la bluu.

Miezi minane ulikuwa unapiga simu. Kwa wazee, kwa wajane, kwa walio Zambia, kwa walio Ubelgiji. Nani kalala wapi, jirani na nani, chini ya mti gani, mwaka gani wa mvua au wa njaa. Ulipata makaburi sitini na moja. Ukayaandika kwa namba. Na tangu hapo, kila Jumamosi baada ya chai, ulitoka nyuma ya nyumba, ukasimama karibu na kibanda cha baiskeli kwa kuwa huko ndiko kusini, ukayasoma kwa sauti. Ulisema kitu kikitajwa kila wiki, mtu hawezi kukiita kitupu.

Mstari wa arobaini na moja ulikuwa na namba bila jina.

Bi Pramila tulimwambia ukweli baadaye, alipokwisha kuwa mtu wa nyumbani. Lile ni kaburi la mtoto wa kwanza wa mdogo wako Gires. Kwenu mtoto mchanga hatajwi jina mpaka baba yake ambebe asubuhi, amtoe mlangoni, aliseme jina mbele ya watu. Huyu alikufa siku ya nne, hajatolewa. Mtoto wa namna hiyo hana mwingine wa kumtaja isipokuwa baba yake mwenyewe, hata miaka ipite mingapi. Na Gires hakumtaja. Alizika, akaondoka, akafika Sheffield, akaoa tena, hakumtaja. Ulimwomba mara mbili, mara ya tatu akakata simu. Kwa hiyo kila Jumamosi ulifika arobaini, ukanyamaza kadiri ya mtu kuvuta pumzi tatu, ukaendelea na arobaini na mbili.

Bi Pramila alisikiliza yote. Yeye alizaliwa Kisumu, na nyumba waliyoiacha kule sasa ni duka la magodoro. Akasema, “Basi akinyamaza, na mimi nitakuwa nazima redio.” Na kweli alikuwa anaizima.

Tunaikumbuka siku ile ya mkutano, Keren akiwa na miaka kumi na miwili. Walikuja watu wa nchi nyingi ambao ardhi za mababu zao zilifanyiwa mambo kama ya Kimwelu. Ulikaa karibu na mama mmoja mtu mzima wa jangwa la Australia. Kwao mabomu yalilipuliwa kwa majaribio, wingu likapita juu ya kambi za watu wake. Kiingereza cha kwao hukukishika, basi Keren akawa mkalimani, amejaa aibu. Yule mama akauliza, “Kwenu waliwaambia pahali pale ni nini?” Ukasema, “Patupu.” Mama yule akacheka, akakupiga kofi begani. “Na kwetu,” akasema. “Neno moja hilo hilo.” Mkagawana biskuti. Ulirudi nyumbani siku ile unatembea kama mtu aliyekutana na dada yake.

Na Alhamisi zako. Alhamisi moja kila mwezi, ulipokuwa na zamu ya mchana, ulipanda treni asubuhi mpaka mbele ya ofisi za kampuni ile na boksi ulilolikata, umeandika kwa mkono wako: MAKABURI YETU NI 61. Mama Keren alikufuata mara ya kwanza bila wewe kujua. Alisimama ng’ambo ya barabara, kwenye kituo cha basi, akaacha mabasi saba yapite. Alitaka kuona kama watakupiga. Hawakukupiga. Hawakukutazama.

Ni mlinzi tu, Abdulsamad wa Mombasa, ndiye aliyekutokea nje na chai. Yeye mwenyewe ndiye aliyetusimulia, msibani, mazungumzo yenu.

“Mzee, wakubwa hawapo leo. Nenda nyumbani, wapigwa na baridi bure.”

“Sikuja kuwaona, mwanangu. Nimekuja wanione.”

“Hawakuoni. Watumia mlango wa nyuma.”

“Basi mwezi ujao nitasimama nyuma.”

“Huko nyuma kuna mapipa ya taka, mzee wangu.”

“Nimezoea. Kwetu nako wanataka kuweka ya kwao.”

Abdulsamad alicheka alipokuwa anasimulia, halafu akageukia ukuta.

Ulipougua, daktari alisema ni saratani ya damu. Mama Keren akamwuliza ilianzia wapi. Daktari akasema hilo hawezi kulisema, mtu anaweza kuupata ugonjwa huu mahali popote. Alikuwa kijana mpole, na hakudanganya. Ulimshika Mama Keren mkono, ukamwambia, “Mwache, hakuwepo.” Basi na sisi hatusemi tusichokijua. Tunasema tu kwamba ulijipaka mawe yale ukiwa mtoto, na ulikufa una miaka hamsini na nane.

Wiki zako za mwisho ulisomea kitandani. Sauti ikawa ndogo, mkeo akawa anashika daftari karibu na macho yako. Ulipofika arobaini ulinyamaza kama kawaida. Muuguzi mmoja akadhani umelala, akataka kuvuta pazia. Mama Keren akamwonyesha kidole, ngoja.

Sasa tunakuambia habari ya Jumamosi iliyopita, siku ya sala ya mwaka wako. Ulikuwa mtu wa kutaka mambo yasemwe mbele ya watu, nasi tunayasema hapa.

Kwenu mwenye nyumba akifa, neno lake linakaa kwa mjane mwaka mmoja. Mwaka ukitimia, baada ya sala, neno linapita kwa ndugu yake. Akisema ndiyo kuhusu kilima, ni ndiyo ya ukoo wako. Akisema hapana, ni hapana. Mama Keren alijua hivyo tangu siku ya maziko. Aliziona wiki zinapungua, naye hakuwa na la kufanya ila kupika na kusali.

Gires alifika saa nne asubuhi kwa basi la Sheffield. Alileta maua, na bahasha. Alikula vizuri. Alipomaliza akasogeza sahani, akatoa karatasi nne zilizobanwa pamoja, Kifaransa upande mmoja, Kiswahili upande wa pili.

“Shemeji,” akasema, “sikutaka kufanya hili kwa siri. Kampuni imeandikia koo zote za Kimwelu. Nane zimeshatia sahihi. Imebaki ya kwetu. Leo neno likinifikia nitatia sahihi hapa mezani, mbele yenu, tumalize.”

Israël, mwanao, akainua kichwa. “Uncle, did you even read it?”

“Nimesoma mwanzo na mwisho. Katikati ni maneno ya wanasheria.” Akamgeukia mkeo. “Yaya, kaka yangu, alipigana, na mimi ninamheshimu. Lakini wafu hawanywi maji, shemeji. Batoto ya dada yetu beko banatembea saa mbili kutafuta maji ya kunywa. Kampuni inatoa bomba. Ninyi mnafungua mfereji hapo jikoni, maji haya hapa. Nani kati yenu atakwenda kumwambia dada yetu hapana?”

Gires hakuwa anasema uongo. Watoto wa dada yenu wanachota maji mbali, na kijito cha karibu ndicho kile.

Mama Keren aliomba karatasi. Alisoma shule mpaka darasa la sita, wewe unajua anavyosoma, kwa kidole, neno baada ya neno. Alisoma zote nne. Chai ikapoa. Keren akataka kumsaidia, akamwondoa mkono. Ukurasa wa tatu kidole kikasimama, akasoma kwa sauti: “Familia inathibitisha kwamba katika kilima hicho haina kaburi lolote inalolijua.”

“Ni maneno tu hayo,” Gires akasema.

“Ndiyo, shemeji. Ni maneno.”

“Hayaondoi mtu kaburini.”

“Hapana.”

“Basi nipe kalamu.”

Mama Keren akainuka, akatoa kalamu kwenye droo, akaiweka mbele yake. Gires alishangaa, sisi pia tulishangaa. Halafu akaleta daftari la bluu.

“Kalamu ni yako, na neno ni lako,” akasema. “Sina nguvu ya kukuzuia, na sitakulilia. Lakini anayepokea neno anapokea na majina. Nitayasoma mara moja, kama alivyokuwa anasoma kaka yako. Nikifika mwisho tutasali, nawe utafanya utakalofanya.”

Tukasimama sote. Kwa kila jina tukajibu “Tunamkumbuka,” kama ulivyotufundisha. Bi Pramila alikuwepo, amevaa sari nyeupe, naye akajibu pamoja nasi. Abdulsamad alikuwepo, amebadilisha zamu. Gires hakusimama. Alikaa na kalamu mkononi, anatazama meza.

Jina la tano, babu yenu. La kumi na saba, mama yenu. Hapo Gires aliitikia, kwa sauti ndogo, bado amekaa.

Arobaini.

Mama Keren akanyamaza. Pumzi moja, mbili, tatu. Kwa dirisha lililo wazi tulisikia redio ya Bi Pramila, alikuwa ameisahau inaimba peke yake nyumbani kwake. Akataka kutoka kwenda kuizima, mkeo akamwashiria abaki.

Kisha akasema arobaini na mbili, akaendelea.

Alifika sitini na moja. Baada ya hapo alichukua kalamu nyingine, akaandika namba, mbele yetu, taratibu, sitini na mbili, akakusoma wewe. Umelala Walthamstow, hukulala Kimwelu, lakini mkeo alisema kilima kinakufahamu. Na tulioitikia jina lako ni sisi hawa tunaokukumbuka: mkeo Anne-Marie, Mama Keren wako, watoto wako Keren na Israël, dada yako aliyetusikiliza kwa simu kutoka nyumbani, na wanawe, shemeji zako wa Sheffield na Brussels, ndugu zako wa kanisani, jirani yako Bi Pramila, rafiki yako wa Alhamisi, Abdulsamad. Siku zote tutakazopewa, Anselme, tutakuwa tunakutaja.

Tukasali. Mama Keren akafunga daftari, akalisukuma mezani mpaka likafika mbele ya Gires, juu ya zile karatasi. Neno likawa limepita. Alianza kukusanya vikombe.

Gires aliigeuzageuza kalamu vidoleni muda mrefu. Keren anasema ni dakika kumi. Kisha akalifungua daftari, akageuza kurasa mpaka mahali pale, akaweka kidole.

“Shemeji,” akasema. “Sioni vizuri. Niandikie.”

Mkeo akafuta mikono, akachukua kalamu.

“Nilikuwa nimeshachagua,” Gires akasema. “Usiku ule aliozaliwa nilikuwa nimeshachagua. Andika Chancelle.”

Akaandika. Ni mstari mmoja tu, lakini mkono wake ulikuwa mzito na herufi zimekuwa kubwa kuliko za mistari ya jirani, utamsamehe. Alipomaliza alilisoma jina kwa sauti, na sote, na dada yako kwenye simu, tukasema, “Tunamkumbuka.”

Mdogo wako akasimama. Alilitia daftari la bluu ndani ya koti, upande wa kifua, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Karatasi za kampuni zilibaki mezani kati ya vikombe, mahali pa sahihi peupe. Alimwinamia Mama Keren kidogo, akafungua mlango, akatoka.